Mkao wa Maiti Nauweza

Nianze na msiba, maana ndiko yalikoanzia yote.

Mwaka jana alifariki mzee mmoja mtaa wa pili kutoka kwetu, Magomeni. Mimi na marehemu hatukuwa na mengi. Tulikuwa tukipeana salamu, na siku moja aliwahi kuniazima pampu ya baiskeli. Lakini msiba ni msiba. Nikavaa kanzu, nikaenda, nikakaa jamvini na wenzangu chini ya turubai. Tukakaa saa mbili kasoro. Ikasomwa dua, tukaitikia amina, watu wakainuka kwenda kuzika. Mimi sikuinuka.

Si kwamba sikutaka. Niliiamuru miguu, ikanyamaza. Nikaweka mkono chini nijaribu upande wa kulia, goti likalia kama mlango wa stoo. Nikajaribu kushoto, kiuno kikanikata. Watu wakaona mzee wa watu kabaki peke yake jamvini, kichwa kakiinamisha, machozi yanamlengalenga. Wakadhani nimezidiwa na majonzi. Wakaja vijana wawili, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, wakaninyanyua. "Jikaze mzee wetu, kazi ya Mola haina makosa." Habari zikafika ndani kwa kina mama, mjane akauliza huyo rafiki kipenzi wa marehemu ni nani. Tangu siku hiyo ile familia inaniheshimu kupita kiasi. Arobaini ilipofika waliniletea sinia zima la pilau, la peke yangu.

Pilau nililila. Ila usiku ule wa mazishi nilifanya kosa: nilimweleza mke wangu ukweli. Mke wangu akamweleza binti yetu. Kulipokucha simu ikaita.

Binti yetu ni muuguzi Dodoma, naye ana ugonjwa wake mmoja: chochote unachougua, yeye ana utafiti wake. "Shikamoo baba. Nimesikia ya msibani. Kuna madaktari wa Brazil walitoa utafiti wao mwaka 2012. Walichukua watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, wakawaambia wakae sakafuni, kisha wainuke. Kukaa alama 5, kuinuka alama 5. Ukijishika kwa mkono au goti unakatwa alama moja. Ukiyumba, nusu. Wakawafuatilia kwa miaka 6 na ushei. Waliopata alama 0 hadi 3 walikufa kwa kiwango kilichozidi mara 5 ya kile cha wale waliopata 8 na kuendelea. Wewe baba ungepata ngapi?"

Mimi ni karani wa mahesabu, nikakokotoa. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, goti, goti la pili. Halafu kuna mikono minne ya vijana wa watu, ambayo wale Wabrazil hawakuifikiria. Nilitoka na alama hasi.

Akanituliza kwamba sakafu haiui mtu. Anayeinuka bila kujishika ana nguvu za miguu, ulaini wa viungo na mizani ya mwili, vyote kwa pamoja; anayeshindwa, mwili unamtumia salamu. "Na wewe baba salamu zimekufikia. Nenda yoga."

Nataka ifahamike kwamba sikuwa nimekaa bure. Mgongo huu nimeuhangaikia miaka 9. Nimechuliwa kwa mafuta ya nazi na karafuu mpaka paka wa jirani wakawa wananifuata. Nimepigwa chuku mpaka mgongo ukabaki na maduara mistari kwa mistari, kama ubao wa bao. Nimevaa mkanda wa kiunoni uliokuwa ukinibana hata mawazo. Msikitini nimehamia nyuma kwenye viti, na huko nako viti vimeanza kugombewa. Mwisho nilikwenda hospitali, nikapigwa picha, daktari kijana akaitazama kwa muda mrefu. "Mzee, hakuna kilichovunjika wala kilichoteguka. Unafanya kazi gani?" Nikamwambia ukarani, miaka 31. Akasema: "Basi ni kiti."

Kiti! Enzi zetu mtu alisomeshwa ili apate kiti. Baba yangu aliuza ng'ombe nipate kiti. Alikuwa akijisifu kijijini, "Mwanangu ofisini ana kiti chake." Leo kiti ndicho adui.

Lakini nikaambiwa siko peke yangu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna maradhi yanayowafanya watu wengi zaidi washindwe shughuli zao. Milioni 619! Tungejitenga tukawa nchi, tungekuwa taifa la tatu kwa wingi wa watu, nyuma ya India na China. Shida ni moja tu: wimbo wa taifa ukipigwa, nani atasimama?

Hoja ya yoga nikaipeleka barazani, kwenye kahawa na kashata, nikijua itakufa huko. Sikukosea. Fundi cherehani akasema hayo ni mambo ya watu wenye nafasi, wasiojua unga unauzwaje. Mwingine akasema hiyo ni ibada ya Kihindi, utajikuta unaabudu bila kujua. Nikarudi nyumbani nimekunja uso wa huzuni, rohoni nacheka. "Mama watoto, ningependa sana, lakini dini."

Kabla sijavua viatu, ujumbe ukaingia kutoka Dodoma. Mwezi Novemba 2017 Saudi Arabia iliruhusu rasmi yoga ifundishwe kama mchezo wa viungo. Ukishaambiwa Saudia wameruhusu, barazani hapabaki hoja. Mke wangu akaongezea kwamba aliuliza: hilo neno ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na asili yake ni kuunganisha, kufunga pamoja, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. "Na nira," akasema, "ndiyo hasa uliyoikosa siku zote."

Darasa liko katika ukumbi mmoja Upanga, ghorofa ya pili, bila lifti. Yaani ili upone magoti, kwanza uyatumie. Siku ya kwanza niliambiwa nivae nguo isiyobana. Nikavaa msuli wangu wa kulalia, nikachukua na mkeka wa ukindu, maana nilisikia mikeka yao ya mpira inauzwa shilingi 45,000, na kwa bei hiyo mimi nanunua kuku watatu. Nilipofika nikagundua kwamba misuli wanayoizungumzia wao ni ile ya mwilini. Ya mwilini sikuwa nayo. Nilikuwa na huo mmoja tu, wa kuvaa.

Mwalimu ni mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisutu, Kiswahili chake kinakishinda changu, umri wake miaka 71. Nilimkuta kasimama kwa kichwa, miguu juu, kaegemea ukuta. Mimi nimelelewa, siwezi kumpita mtu mzima bila salamu. Nikasema shikamoo, nikiielekeza miguuni kwa sababu ndiko kulikokuwa juu. "Marahaba, karibu," ikatoka sauti huko chini.

Akashuka taratibu kama jani, akaanza kuniuliza. Una presha? Ninayo, nameza kidonge. Sukari? Bado. Macho je, umewahi kuambiwa una presha ya macho? Nikamuuliza macho yanahusu nini na kiuno. Akasema mtu akipindua kichwa chini, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Mwenye presha ya macho anaweza kujiumiza, na mwenye presha ya damu isiyotulia vilevile. "Kwa hiyo hicho ulichonikuta nakifanya, wewe hutakifanya." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuishukuru presha yangu.

Tukaanza. Ndani ya saa moja nilikuwa paka, nikawa ng'ombe, nikawa mbwa, swila, mti, mlima na daraja. Mtu ungedhani uko Mikumi. Paka na ng'ombe si vibaya: unapiga magoti, unashika chini, unauinua mgongo na kuushusha. Mti ni kusimama kwa mguu mmoja. Nilisimama, lakini kama mwembe wakati wa kusi. Mlima nikasema huu hapa nauweza, kwa sababu ni kusimama wima tu. Mwalimu akaja akanizunguka. "Mlima wako umeinama," akasema, akanisukuma mabega nyuma. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa natembea kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha.

Mbwa ndiye aliyeniaibisha. Mikono chini, miguu chini, makalio juu, unafanana na paa la nyumba ya nyasi. Mkeka wa ukindu juu ya vigae hauna breki. Mikono ikaenda Posta, miguu ikaenda Kariakoo, mimi nikabaki Upanga kifudifudi, msuli nao ukichagua njia yake. Wanafunzi wenzangu, wengi wao wa umri wa binti yangu, walikuwa na adabu: walicheka wakitazama ukutani. Kesho yake nilinunua mkeka wa mpira. Kuku watatu hao wakaenda.

Mwishoni mwa kipindi mwalimu akasema, "Sasa lala chali, miguu iachane kidogo, viganja juu, funga macho. Huu unaitwa mkao wa maiti." Nikasema hapa ndipo. Vuta pumzi kwa hesabu ya tano, toa kwa hesabu ya tano. Nilipotajiwa hesabu nikachangamka: sekunde 10 kwa pumzi moja, dakika moja ina pumzi 6. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Mwalimu anasema ukiipunguza pumzi hivyo, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, nao unapeleka habari kwamba hatari imepita, moyo upunguze mwendo. Wangu ulipeleka habari hizo haraka mno. Nilizinduliwa na mkono begani. "Bwana mkubwa," akanong'ona, "nimefundisha miaka mingi, lakini maiti anayekoroma sijapata kumwona."

Asubuhi yake mwili wote uliuma isipokuwa kope. Nikapiga simu Dodoma kwa hasira. Ule utafiti wenu uko wapi? Binti yangu, kwa sifa yake, hakunificha. Kuna wataalamu wa mtandao uitwao Cochrane, kazi yao kukusanya majaribio ya tiba na kuyachambua pamoja. Mwaka 2022 walichambua majaribio 21 ya yoga kwa maumivu sugu ya mgongo, watu zaidi ya 2,200. Wakakuta nafuu ipo ukilinganisha na kutofanya mazoezi kabisa, ila ni ndogo. Na ukilinganisha na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ni kama hakuna.

"Na madhara?" nikauliza.

Akasita. "Lililojitokeza zaidi ni maumivu ya mgongo kuongezeka."

Nikamwambia arudie, mama yake asikie. Yaani dawa ya mgongo, na madhara yake ni mgongo! Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kuukunja mkeka. Lakini akaendelea. Madhara hayo si makubwa, na ndiyo maana unahitaji mwalimu, si video ya simuni. Halafu akanipa la Boston, Marekani, la mwaka 2017: watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, waligawanywa kwa wiki 12, wengine darasa la yoga, wengine kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Matokeo yakakaribiana. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikawaelekeza wanachama wake kwamba mwenye maumivu sugu ya kiuno aanzishiwe kwanza mambo kama mazoezi na yoga kabla ya vidonge. "Baba, si muujiza," akasema. "Ni mazoezi. Yanamsaidia anayeyafanya." Nikanyamaza. Sikuwa nimeyafanya ila siku moja.

Nikarudi Upanga, Jumanne na Ijumaa. Mwalimu akaniletea kiti cha chuma, mkanda na matofali ya mbao. Vidole vyangu havikuwa vikifika miguuni, hivyo akanipitishia mkanda kwenye unyayo, nikawa navuta kama mtu aliyekamata ng'ombe mkaidi. Akaniambia vifaa hivyo vilienezwa na B.K.S. Iyengar, Mhindi aliyezaliwa mwaka 1918 akiwa dhaifu, utotoni akapigwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alianza kujifunza kwa shemeji yake huko Mysore mwili ukiwa hauwezi hata kuinama, na mwaka 2014 akafariki akiwa na miaka 95. Mtu aliyewahi kuwa mgumu ndiye anayejua kuwatungia wagumu wenzake njia. Nilimwombea dua, ingawa miaka 95 ya kuvuta mkanda sidhani kama nitaiweza.

Mwezi wa pili nikatafuta pa kutokea. Mke wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nikajiegemeza mlangoni na hoja yangu niliyokuwa nimeiandaa kutwa nzima ofisini. Nikamwambia hii yoga ni kulipia tulichokuwa nacho. Bibi yangu kule Rufiji hakuwahi kusikia neno hilo. Alikaa chini, alilala chini, alichuchumaa akipika, aliinama shambani toka alfajiri miguu imenyooka kama mkasi. Hakulipa hata senti. Sisi tumenunua makochi, tumeweka vyoo vya kukaa, sasa tunamlipa mtu atufundishe kuchuchumaa. Nikaona nimesema jambo la kuandikwa.

Mke wangu hakuacha kukuna. "Bibi yupi? Yule aliyekuwa akiwaita watoto wamkanyage mgongo kila jioni?"

Nikakumbuka. Nilikuwa mmoja wa hao watoto. Alikuwa akilala kifudifudi barazani, anasema, "Njooni mnikanyagie," nasi tunapanda kwa zamu, tunatembea kuanzia kiunoni mpaka mabegani, yeye anaguna, "Hapo hapo, mwanangu." Sisi tuliona mchezo. Alipofika miaka 65 alikuwa ameinama moja kwa moja, anatembea akitazama mchanga.

Nilimpelekea mwalimu kesi hiyo, nikitegemea labda atanitetea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Bibi yako alikuwa na nyonga nzuri na miguu mizuri, hilo kweli," akasema. "Lakini aliinama upande mmoja tu. Jembe mbele, mpunga mbele, ufagio mbele, ndoo kichwani. Nani alimwambia ajikunje nyuma kama swila? Wewe ofisini nawe ni hivyohivyo: umekunjika mbele, misuli ya mbele ya nyonga imefupika, makalio yamesinzia, mzigo wote unabebwa na kiuno. Kazi inakuchosha upande mmoja. Zoezi linakurudisha na upande wa pili. Na nani aliwahi kumwambia bibi yako alale dakika 10 asifanye kitu chochote?"

Sikujibu. Siku ile, nilipolazwa chali na kuambiwa nifunge macho, nilikuwa macho muda wote. Bibi yangu mkao wa maiti aliukaa mara moja tu, na hakuinuka.

Toka hapo nikaacha kutafuta pa kutokea. Malalamiko sikuacha, hayo ni haki yangu.

Sasa nikupe hesabu ya mwaka mmoja, kikarani, faida na hasara. Mwezi wa tatu nilikata kucha za miguu mwenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya mjukuu, na alikuwa akinitoza pipi. Suruali navaa nimesimama. Zamani nilikuwa nakaa kitandani, tangu ile siku niliyojaribu kusimama mguu mmoja nikaingia na suruali ndani ya kabati. Mizani hii si mapambo: mtu wa umri wangu akianguka, nyonga ikivunjika, mambo hubadilika nyumba nzima. Kwenye daladala nasimama bila kumkumbatia nisiyemjua. Msikitini nimerudi safu za mbele, na kile kiti nyuma kilipata mrithi kabla hakijapoa. Kiuno bado kinanikumbusha, hasa mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu, lakini sasa kinabisha hodi. Zamani kilikuwa kinavunja mlango.

Upande wa hasara. Presha ilishuka kidogo, lakini daktari amenikatalia kuacha kidonge. Anasema yoga ni msaidizi wa dawa, haishiki nafasi yake. Tumbo liko palepale. Nilidhani jasho lile lote litaliyeyusha, mwalimu akanipa habari mbaya kwamba yoga ya taratibu kama yetu kwa mapafu na moyo ni zoezi jepesi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na juu ya hapo mazoezi ya kukaza misuli siku mbili. "Kwa hiyo kutoka hapa," akasema, "usipande gari. Tembea mpaka Magomeni." Mimi nilidhani nimeshalipa deni lote, kumbe hiyo ilikuwa riba. Sasa Jumanne na Ijumaa navuka Jangwani kwa miguu, mkeka kwapani, na wauza matunda wanadhani nahama nyumba.

Kubwa kuliko yote ni kwamba haiwekwi akiba. Nilisafiri wiki tatu kwenye harusi, nikala, nikakaa, nikasema mwili umeshajifunza. Niliporudi, kiuno kilikuwa kinanisubiri mlangoni kama mdai. Ndiyo maana watu wanasema yoga ya mara kwa mara. Ya mara mojamoja ni kujiumiza bure.

Mwezi Juni tukaambiwa kuna siku ya kimataifa. India iliipendekeza Umoja wa Mataifa, mwaka 2014 nchi 177 zikaunga mkono, na tangu 2015 inaadhimishwa kila 21 Juni. Waliichagua kwa sababu ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote kaskazini mwa dunia. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwetu ndiyo yenye mchana mfupi kuliko zote. Sijawahi kuishukuru jiografia hivyo. Tukaanza kabla jua halijachomoza, binti yangu akiwa likizo akanipiga picha nikiwa swila, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi yangu wa Kibiti alipiga simu kuuliza nimeanguka wapi.

Mwezi uliopita ikafika hitma ya mwaka ya yule mzee wa mtaa wa pili. Nikavaa kanzu ileile, nikakaa jamvini mahali palepale. Ikasomwa dua, tukaitikia amina. Wale vijana wawili nikawaona wanasogea, wameshajiandaa, mmoja kulia, mwingine kushoto. Nikakunja mguu, nikaegemeza uzito mbele, nikainuka. Sikushika chini. Niliyumba kidogo, wale Wabrazil wangenikata nusu alama, lakini niliinuka, tena wa kwanza, nikampa mkono mzee mwenzangu naye nikamnyanyua.

Hakuna aliyepiga makofi. Wale vijana walitazamana. Niliwasikia kina mama dirishani wakinong'ona kwamba binadamu ni msahaulifu, mwaka mmoja tu na rafiki yake kipenzi keshamsahau, tazama anavyoinuka kwa furaha. Pilau lilipoletwa, sinia langu la peke yangu halikuwamo. Nilikula na watu sita.

Hivyo ukiniuliza, msomaji, nitakuambia: yoga imenirudishia kiuno, imenikosesha pilau. Usiniamini mimi wala binti yangu. Leo usiku, kabla ya kulala, kaa sakafuni katikati ya chumba, mbali na kitanda na kabati, kisha uinuke bila kushika chochote. Hakikisha tu kuna mtu nyumbani.